Mkwaju wa Gizani

Mwatate,
6 Agosti 1984

Kwako Priscilla,

Kuna jambo nimekuficha kwa miaka kumi na minane, na sasa moyo wangu mbovu haunipi nafasi ya kulificha zaidi. Najua hukukosa. Hukuwa na Silvanus wa stoo ya shule, wala na mwanamume mwingine yeyote. Nimelijua hilo muda mrefu nikanyamaza, nikawaacha watu wa Voi wakutazame walivyokutazama.

Maneno hayo machache yamenichukua tangu asubuhi. Tryphena, mpwa wangu anayenitunza, amenikuta mara mbili nimelalia karatasi akadhani nimekata roho. Mara ya pili alinipiga kofi la shavu. Nilipofumbua macho akasema, "Mjomba, kama unakufa useme mapema, nisichemshe uji bure."

Utaniuliza nilijuaje. Nilipostaafu nilihamia hapa Mwatate, na kwa kukosa la kufanya nikapanda kokwa ya mkwaju ndani ya mkebe wa Kimbo, kama ulivyofanya wewe. Mche ulipotoa majani nikayaona yale uliyokuwa ukinieleza mezani nami nikisoma gazeti. Jioni vile vijani vidogo hukutana viwili viwili na kulala. Asubuhi hufunguka. Nikasema, basi, ni jua tu. Nikautia mche ndani ya sanduku, nikafunika blanketi, nikausukuma chini ya kitanda. Asubuhi nilipochungulia, majani yalikuwa wazi, na hayakuwa yameliona jua. Kesho yake vilevile. Nilikaa sakafuni, mzee mzima mwenye mvi, nikaona haya mbele ya mmea.

Kumbe yote uliyosema yalikuwa kweli. Ulikuwa ukienda ile stoo ya shule isiyo na dirisha kutazama mkwaju wako kama utalala na kuamka bila jua. Ulikwenda alfajiri na magharibi, na tochi yako iliyofungwa kitambaa cha kijani ili mwanga usiusumbue mche, na kwa ajili hiyo nikakuita malaya mbele ya wazee.

Daktari anasema moyo umechoka. Sikuombi urudi, hayo yamepita. Naomba jambo moja. Uje hapa, ujaze maji kinywani, unitasie kama wazee wetu wa Kidawida, sisi Wataita, walivyofanya: uyapulize maji kifuani pangu na kusema kwamba hasira imekutoka. Unakumbuka nilivyokuwa nikiyacheka mambo hayo, nikiyaita giza, mimi na cheti changu cha ualimu. Sasa ndiyo ninayoyataka kuliko sakramenti.

Je, Silvanus bado yupo? Nilisikia alijenga karibu na kwako.

Ni mimi,
Danson


Kaloleni, Voi,
15 Agosti 1984

Mwalimu Danson,

Barua yako ilifika Jumatatu. Niliiweka chini ya kopo la chumvi kwa siku mbili kabla ya kuifungua, maana mwandiko wako hata leo unanifanya nihisi nimechelewa kupika.

Silvanus alifariki mwaka wa sabini na tisa. Huyo unayemwonea wivu hata akiwa kaburini alikuwa hawezi kunipa ufunguo wa stoo mkononi. Alikuwa akiuweka juu ya jiwe, kisha anarudi nyuma kama mtu aliyemtupia mbwa mkali mfupa. Kama ulitaka kuona wivu, ungechagua mwanamume mwingine. Shule ile ilikuwa na wazuri.

Wewe nilikusamehe zamani. Uliponifukuza nilikwenda kwa mama, kule chini ya mlima Ndara, na wiki ile ile akanipa maji kwenye kibuyu tukatoka nje. Nilitasa mpaka midomo ikakauka. Nilisema, "Danson alidanganywa. Aliyeumwa na nyoka hapigwi kwa sababu ameumwa." Maji yakatoka vizuri, na hasira yangu kwako ikatoka nayo. Kwa hiyo usinisumbue na habari za msamaha. Ulikwisha kuupata bila kuomba.

Lakini nyoka mwenyewe sikumsamehe.

Unakikumbuka kile kikao nyumbani kwa amu yako. Mzee aliyekiongoza alikuuliza, "Mwanangu, maneno bila shahidi ni upepo. Nani alimwona?" Ulikaa kimya mpaka nikafikiri utayameza yote na tutakwenda nyumbani. Kisha ukasema, "Kalondu."

Kalondu! Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Mke wa Maundu wa reli, aliyenipa chumvi nami nikampa moto, aliyenifundisha kusuka kiondo na kunicheka nilipokikosea. Wazee walitazamana. Wakasema jina hilo lisitoke nje ya mlango ule, tusije tukawasha moto kati yetu Wataita na Wakamba wa Kaloleni kwa ajili ya ulimi wa mwanamke mmoja. Tukaapa wote. Basi sikumwuliza. Niliporudi Voi kufundisha nilimkuta palepale, na tangu siku hiyo nikimwona naenda upande wa pili wa barabara.

Nikwambie ukweli, miaka mingine nilikuwa nikijiambia labda wewe ulimwelewa vibaya. Labda alisema neno la mzaha nawe ukalivimbisha. Sasa barua yako imeniondolea tumaini hilo. Umetaja kitambaa cha kijani. Mimi sikukuonyesha kitambaa kile hata siku moja, wala sikukueleza habari zake, kwa kuwa ulikuwa umekwisha kunikataza kuzungumzia majani mezani. Aliyekijua ni Kalondu peke yake. Ni yeye aliyenikatia kutoka pindo la leso yake. Basi hata hicho alikuletea.

Siwezi kuja kukutasia. Mtu hatasi nusu. Nikijaza maji kinywani na huku moyoni nimebakiza hasira ya mtu mmoja, maji hayo ni mate tu. Wewe uliyeyacheka mambo haya hukukaa ukajifunza sheria zake.

Priscilla


Mwatate,
22 Agosti 1984

Priscilla,

Nimefurahi kusikia habari za Silvanus. Nimeandika "nimefurahi" na sitalifuta. Nimechoka kuandika maneno mazuri.

Kuhusu Kalondu, mwache. Ni mambo ya kale. Majirani huongea, na labda hakukusudia. Nakusihi usimwulize lolote, kwa maana kiapo cha wazee ni kiapo hata kama wazee wenyewe wamekwisha kufa. Nilichoomba ni jambo kati yangu na wewe. Sioni kwa nini mama huyo aingie katikati. Hata zamani ilikuwa hivyo. Nikifika kutoka Taveta, nilikokuwa nikifundisha, mwisho wa mwezi, nimekaa ndani ya gari moshi kutwa nzima na vumbi mpaka kwenye kope, nawasikia mnacheka ukutani. Nikiingia mnanyamaza. Ukiniuliza, "Umekula?" ulikuwa na sauti nyingine kabisa.

Bado unatazama majani? Nani anakaa nawe?

Ukame huku ni mkali. Tunakula mahindi ya njano ya serikali ambayo Tryphena anasema yanafaa kuku wasio na adabu. Maji ni ya kupanga foleni, lakini mche wangu haukosi kikombe. Tryphena ameuhamishia dirishani kwake kwa sababu, anasema, kwangu unanuka dawa. Naona huko unafunguka vizuri zaidi. Yeye hata hautazami. Nimemwambia aurudishe, akanijibu, "Mjomba, una wivu mpaka na mkebe?"

Njoo, Priscilla. Usiweke masharti.

Danson


Kaloleni, Voi,
3 Septemba 1984

Mwalimu,

"Labda hakukusudia." Nimelisoma neno hilo mara nyingi. Kwa hiyo alisema. Asante kwa kunithibitishia.

Sasa nikueleze yaliyotokea. Jumatano tulikuwa kwenye foleni ya maji pale bombani, mitungi imepangwa tangu kabla ya jua. Kalondu alikuwa mbele, karibu kabisa na bomba. Aliponiona nyuma alichukua mtungi wake akauleta mpaka nilipo, akauweka mahali pa wangu, akabeba wangu akaupeleka mbele. Wanawake wote wakageuka kuniangalia. Mimi nikaenda nikautoa mtungi wangu, nikarudi nao nyumbani mtupu. Nyuma yangu nilimsikia mmoja akisema, "Huyu mwalimu ana moyo wa chuma." Danson, siku ile sikuoga wala sikupika.

Kalondu anahama. Maundu alifariki mwaka jana, na mtoto wao Musyimi amejenga Kangundo na anataka mama akae naye. Kanisa litamuaga Jumapili ya tarehe ishirini na tatu. Nimemwomba mwenyekiti wa akina mama anipe nafasi ya kusema, naye amenipa, akashangaa, akanikumbatia. Anafikiri nataka kumsifu.

Nitasimama na kumtaja. Nitasema mbele ya wanawake wote kwamba huyu mnayemlilia ndiye aliyevunja nyumba yangu kwa uongo, na kwamba miaka yote hii nimelichukua mgongoni jina baya alilonipa ili amani ya Kaloleni isiharibike. Wazee waliotuapisha wamekwisha kufa. Akiondoka hapa kabla hajasikia, mimi nitakufa na kitu hiki kifuani, na hakuna wa kunitasia. Nikishamaliza, nitakuja Mwatate na kufanya ulichoomba, kwa kuwa wakati huo nitakuwa mweupe moyoni.

Ninataka kitu kimoja kutoka kwako. Niandikie maneno aliyokwambia Kalondu, neno kwa neno, na mahali alipokwambia. Sitaki kumsingizia hata herufi.

Uliuliza kama bado natazama majani. Ndiyo. Ule mche wa kwenye mkebe ndio mzigo pekee niliotoka nao nyumbani kwako mkononi. Sasa ni mti nyuma ya nyumba yangu, na watoto wa shule wanaupiga mawe kutafuta ukwaju. Kila magharibi natoa kigoda nje nikautazama ukifunga. Uliuliza nani anakaa nami. Hakuna. Nafasi ile ilikuwa ya Kalondu.

Priscilla


Kaloleni, Voi,
12 Septemba 1984

Kwa Mwalimu Danson,

Salamu nyingi sana katika jina la Bwana. Mimi ni Kalondu, mama Musyimi, jirani yenu wa zamani wa upande wa choo. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hivyo usicheke herufi, nilianza kujifunza ngumbaru nikiwa na meno pungufu.

Mwalimu, nimesikia wewe ni mgonjwa, pole. Maundu naye alikwenda hivyo hivyo, moyo. Mimi nimekuja kwako na swali kwa sababu sina mwingine wa kuuliza. Mlipoachana na Priscilla mimi sikuuliza. Kwetu mtu haingizi pua kwa nyumba ya watu ikiungua, anabeba maji tu. Nilibeba maji mpaka kwa mama yake, kule Ndara, nikabeba na ndizi. Mama yake akanipokea, lakini Priscilla hakutoka nje. Nikasema, ana uchungu, utaisha. Aliporudi Voi nikamsalimu akavuka barabara. Nikasema, hakuniona. Mwalimu, mtu anaweza kukosa kukuona miaka kumi na minane?

Nimefikiri sana. Nilimpa kipande cha leso afunge tochi yake ile ya kutazama majani. Pengine watu walimwambia Wakamba tumetia dawa ndani ya kitambaa, na ndiyo nyumba ikavunjika. Tunasingiziwa mengi sisi. Lakini ile ilikuwa leso ya sokoni tu, na nilimkatia kwa mapenzi. Niliharibu doti nzima, Maundu akanigombeza.

Wewe ulikuwa mume wake. Wewe utajua nilimkosea nini. Niambie hata kama ni kubwa, nikaombe msamaha kabla sijaenda, kwa sababu Kangundo ni mbali na mimi sirudi.

Lakini pia nina furaha. Mwenyekiti ameniambia Jumapili ile Priscilla ameomba kusimama kunisemea. Sikulala. Nimenunua leso ya kijani, doti. Nitakata mbele ya watu wote, kipande kimoja chake, kimoja changu, kama mtu anayerudisha deni la kitambaa. Akipokea, nitapanda gari nikiwa na moyo mwepesi kama karatasi. Akikataa, basi, lakini hawezi kukataa kanisani, ama unaonaje?

Mungu akuponye.

Ni mimi,
Kalondu, mama Musyimi


TELEGRAMU

Mwatate, 19 Septemba 1984

PRISCILLA MWANDAWIRO KALOLENI VOI
USISEME JUMAPILI. KALONDU ASITAJWE. BARUA INAKUJA NA TRYPHENA.
DANSON


Mwatate,
20 Septemba 1984

Priscilla,

Barua hii inaletwa na Tryphena mwenyewe kesho asubuhi. Nimemwambia asiiache kwa jirani wala mlangoni, aiweke mkononi mwako na asimame mpaka uisome. Ameniuliza kama akimbie baadaye. Nimemwambia hapana, wa kukimbiwa si yeye.

Uliniomba maneno ya Kalondu, neno kwa neno, na mahali aliponiambia. Nilikaa na ombi lako siku nyingi. Nilianza kuandika mara moja, na nikwambie, nilianza kuyatunga. Nilifika mpaka "alinikuta karibu na stesheni," nikaona kalamu inakwenda vizuri mno. Kisha Tryphena akaniletea barua ya Kalondu. Nimeiweka ndani ya bahasha hii. Isome kabla hujaendelea na yangu. Tafadhali, isome kwanza.

Sasa unajua amenunua leso.

Nikueleze siku ile. Mwaka wa sitini na sita nilipokuwa Taveta ulikuwa ukiniandikia kila wiki, na barua zako zilijaa majani. Kurasa mbili za mkwaju: leo umelala mapema, leo ulichelewa kwa sababu ya mawingu, sasa nitauweka gizani nione kama ni jua linaloufundisha. Mwishoni, mstari mmoja: mimi sijambo, natumai nawe hujambo. Mwalimu mwenzangu aliniona nikisoma akaniuliza, "Mama anasemaje?" Nikamjibu, "Ananikumbuka sana." Nilikuwa nimeanza kukichukia kijiti kisichofika goti la mtu. Hatukuwa tumejaliwa mtoto, na mimi nilijiambia kwamba umejipatia wako bila mimi.

Nilikuja Voi siku ambayo hukunitarajia. Sikupita nyumbani. Kutoka stesheni nilikwenda moja kwa moja shuleni, kwa kuwa jua lilikuwa likizama nami nilijua saa hiyo uko wapi. Barua zako mwenyewe zilikuwa zimenieleza. Nataka uelewe nilikuwa nataka nini. Nilitaka kumkuta Silvanus. Nilikuwa nimepanga nitakachosema, na jinsi nitakavyosimama mlangoni. Nilitembea kwa haraka kama mtu anayeitwa.

Mlango wa ile stoo ulikuwa wa mbao zilizopasuka. Ulikuwa umeufunga kwa ndani na kuziba mipasuko kwa magunia, lakini karibu na bawaba palibaki uwazi mdogo. Niliweka jicho hapo.

Mwanzoni niliona giza tu. Kisha ukawasha tochi, na mwanga ulikuwa wa kijani, hafifu. Hapo ndipo nilipokijua kitambaa. Ulikuwa umekaa juu ya gunia la mbolea, magoti yamekutana, umevua viatu. Majembe ukutani, mkebe mbele yako. Nilikaa pale nikingoja mtu wa pili atokee. Nilitazama kila pembe. Nilitazama nyuma ya majembe. Hakuna.

Mkwaju ulikuwa umeanza kulala. Ulikuwa gizani tangu siku ya juzi, haukuona jua likichomoza wala likizama, na saa yake ilipofika ulifunga. Ukaizima tochi, ukaiwasha tena baada ya muda mfupi, na vijani vilikuwa vimesogeleana zaidi. Ndipo ukainama, Priscilla, ukauambia ule mche, "Umejuaje, na hukuona kitu?" Kisha ukacheka.

Hayo hukumwambia mtu. Wala Kalondu hakuwapo. Najua hukumwambia mtu kwa kuwa mtu hasimulii cheko kama hilo. Nilikuwa mume wako mwaka wa saba, na cheko lile sikuwa nimelisikia nyumbani kwangu hata siku moja. Si kwamba ulikuwa mwenye huzuni. Ulikuwa ukicheka nami kama watu wanavyocheka. Lile lilikuwa jingine. Ulikuwa umejaa, hukuhitaji mtu, na mimi nilikuwa nje na jicho kwenye ubao, mkono umeshika sanduku la safari.

Ningepiga hodi. Nimelifikiria hilo miaka yote. Ningepiga hodi, ungeshtuka, ungefungua, ungenivuta ndani useme njoo uone. Nina hakika ungenivuta ndani. Hilo ndilo lililonizuia. Sikutaka kualikwa kwenye furaha yako kama mgeni. Nilirudi mjini, nikapanga chumba karibu na stesheni, na kesho yake nikaja nyumbani saa nne ya asubuhi kama mtu aliyeshuka kwenye gari. Ukaniuliza, "Umekula?" kwa ile sauti ya kila siku. Nikakwambia najua habari zako na Silvanus.

Kama angekuwepo mwanamume, Priscilla, ningempiga, au ningepigwa, tungesuluhishwa, tungeishi. Wivu wa mwanamume una dawa. Ule wa kwangu sikuwa na pa kuupeleka. Ningewaambia nini wazee? Kwamba mke wangu ana furaha nami sipo? Wangenicheka mpaka Wundanyi. Basi nilileta jina la Silvanus kwa sababu ufunguo ulikuwa wake, na yeye alikuwa mwoga, nilijua hatajitetea kwa sauti. Na mzee aliponiuliza nani alimwona, sikuwa nimejiandaa. Nilitafuta jina la mtu ambaye hayupo pale, na asiye na ndugu mle ndani wa kusimama na kusema, "Aitwe aseme mwenyewe." Nikamkumbuka yule uliyekuwa ukicheka naye ukutani. Nilimwonea wivu hata yeye. Kwa hiyo jina lake lilikuja kinywani kwa wepesi, na wazee wakalifunga kwa kiapo, na kiapo kikanifaa mimi. Wao walidhani wanailinda Kaloleni.

Katika barua ya kwanza nilikwambia nilijua ukweli nilipotia mche chini ya kitanda. Uongo. Nilitia mche chini ya kitanda ili nione ulichokuwa ukikiona. Majani yalifunguka, lakini sikucheka. Na uliponiandikia habari ya kitambaa nilifahamu nimejinasa, nikakuandikia "labda hakukusudia," na hapo nikamwongezea Kalondu mzigo mwingine, mimi ninayetaka kufa nikiwa msafi.

Sina ombi tena. Lile la kuja kunitasia nimelirudisha. Ulisema uliitoa hasira yako kwangu kwa sababu nilidanganywa. Basi umetasa kwa ajili ya mtu ambaye hayupo, na maji yale hayakunifikia. Ukitaka hasira yako irudi, ni haki yako, na hakuna mzee atakayekuuliza shahidi ni nani.

Nimeandika nakala ya pili ya barua hii, nimeitia sahihi, nayo ni ya Kalondu. Tryphena atakupa zote mbili wazi. Usimpelekee kwa mkono wa mtoto. Mpelekee mwenyewe, leo, kabla ya Jumapili, ukavuke ile barabara. Na akikata leso mbele ya watu, uchukue kipande chako.

Mkono umechoka. Nimebakiza jambo moja, na nimelizunguka tangu asubuhi ya sita Agosti, kwa kuwa hata nikisema yote haya unaweza bado kuniwazia kwamba nilipofushwa, kwamba nilikuwa na shaka, kwamba moyo wa mwanamume una ukungu wake. Nisikilize. Kalondu hakuniambia neno. Hakuna aliyeniambia neno. Sikuwa na shaka hata chembe. Nilikuona kwa macho yangu uko peke yako, huna kosa, na una furaha, na ni kwa ajili ya hiyo furaha nilikufukuza.

Danson